Kumvika bibi harusi seti ya kundani: uzito, mpangilio na mambo yanayoiharibu

Seti kamili ya jadau (mapambo ya mawe yaliyobanwa kwa kundani) ya bibi harusi wa Kirajput wa Rajasthan, India, kuanzia borla ya kwenye paji la uso hadi mitali ya miguuni, haiwi nyepesi. Nusu kilo ni jambo la kawaida, na familia zenye mapambo ya kurithi huvuka hapo. Bibi harusi anakaa na mzigo huo saa sita, saa nane, akiinama kuwagusa wazee miguu, akizunguka moto, akipigwa picha. Picha hutoka nzuri hata mambo yakienda kombo. Wa kuulizwa ni masikio, kesho yake. Kwa hiyo anayempamba, awe mpambaji wa kulipwa au shangazi mwenye mkono mzuri, ashike jambo moja: uzito ubebwe na nywele, kamba na nguo. Ndewe ya sikio na tundu la pua vishikilie pambo mahali pake tu.

Ndani ya pambo mna nini

Kundani ni dhahabu iliyosafishwa hadi karati 24. Ni laini kiasi kwamba ukanda wake mwembamba, ukisukumwa kwa ncha ya chuma, hushikana wenyewe kwa wenyewe bila moto. Fundi wa kazi hiyo anaitwa jadia. Kabla haijamfikia, sonara (neno letu hili limetoka huko huko India) ameshatengeneza kiunzi cha dhahabu chenye uwazi ndani. Fundi mwingine amekichonga nakshi, na wa tatu amejaza nakshi hizo mina, yaani unga wa kioo chenye rangi unaoyeyushwa tanurini. Kisha uwazi ule hujazwa lakiri, jamaa ya ile iliyokuwa ikipigiwa mihuri ya barua. Juu ya lakiri hukaa jaribosi ya fedha iliyong'arishwa, juu ya jaribosi hukaa jiwe, na kundani huzungushwa pembeni kulibana. Mwisho fundi aitwaye patua hutunga lulu na kusuka kamba za kufungia.

Jaipur ndiyo makao makuu ya kazi hii, na mtaa wake unaitwa Johari Bazaar. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo.

Muundo huo ndio unaoeleza hasara karibu zote. Nyuma ya pambo pamefungwa, kwa hiyo mwanga huingia kwa mbele, hugonga jaribosi na kurudi. Maji yakipenya ukingoni mwa jiwe, jaribosi huingia weusi na jiwe hufa. Utaona doa la kijivu likianzia pembeni na kwenda katikati. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa wala dawa yoyote, maana liko chini ya jiwe; jadia lazima alifungue, abadilishe jaribosi, alipange upya. Joto nalo hulainisha lakiri mapema, hata kabla ya maji kufikia kuchemka, na jiwe huanza kucheza. Pambo likikunjwa kwa nguvu ili likae shingoni, mina hupasuka kama ganda la yai, na kuitengeneza ni kurudi tanurini, jambo lisilowezekana mawe yakiwa yameshapangwa.

Hivyo basi: hakuna maji, hakuna mvuke, hakuna kikausha nywele karibu na pambo, hakuna kulazimisha.

Kabla ya kununua au kukodi

Polki ni almasi ambayo haikukatwa sura nyingi. Imepasuliwa vipande bapa na kung'arishwa tu. Kundani ya bei nafuu hutumia kioo katika sehemu ile ile. Zikipangwa mbele ya mtu asiyejua, zinafanana. Zielekeze kwenye dirisha: vipande vya polki havilingani, kila kimoja kina ukungu wake, mshipa wake, mng'ao wake wa ndani. Vioo hulingana kupita kiasi, na kwa lenzi ya kukuza mara kumi huonyesha viputo vya duara.

Usiridhike na uzito wa mizani peke yake. Seti ya gramu 180 ina dhahabu, lakiri, mawe, lulu na kamba, na muuzaji asiye mwaminifu atakuuzia lakiri kwa bei ya dhahabu. Dai hati yenye mistari minne: uzito wa jumla, uzito wa dhahabu peke yake na karati zake, uzito wa polki, na uzito wa mawe mengine. Hati hii ina umuhimu wa pekee hapa kwa sababu India ilipolazimisha alama ya usafi wa dhahabu mwaka 2021, mapambo ya kundani, polki na jadau yaliachwa nje ya sharti hilo. Kukosa alama, basi, si ushahidi wa wizi, lakini pia huna cha kukulinda zaidi ya karatasi na sifa ya fundi.

Kuhusu rangi: juu ya sketi pana nyekundu ya lehenga, yakuti nyekundu humezwa. Zumaridi na lulu ndizo zinazoonekana, na ndiyo maana shanga za zumaridi huning'inia chini ya seti nyingi za polki. Siku hizi Jaipur, ambako tanzanaiti nyingi ya Merelani hukatwa, baadhi ya mafundi huweka jiwe hilo mahali pa yakuti samawi. Linapendeza, ila ni laini kuliko yakuti na halistahimili kugongwa, kwa hiyo libaki kwenye hereni na kidani, lisiwekwe kwenye pete. Familia inayofuata unajimu ikitaka navaratna, mawe tisa ya sayari, yakuti nyekundu ndiyo hukaa katikati, mahali pa jua. Na yakuti samawi, jiwe la Zohali, watu hao hawalivai bila kumwuliza mnajimu. Usiwachagulie.

Seti nyingi zinazokodishwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ni za kuiga: shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu na vioo vilivyogandishwa kwa gundi. Hakuna ubaya. Zinavaliwa kwa mpangilio ule ule, isipokuwa adui wa kwanza ni jasho na manukato, yanayolegeza gundi na kuacha ukijani shingoni. Piga picha ya karibu ya kila kipande siku ya kuchukua, usije ukalipishwa jiwe lililodondoka kwa mwenzako.

Wiki moja kabla

Mjaribishe seti nzima akiwa amevaa blauzi yenyewe, si fulana. Shingo ya blauzi ndiyo inayoamua kama kidani kifupi kitalala juu ya ngozi au kitapanda juu ya nyuzi za zari na kukwama. Pima kila hereni kwa mizani ya jikoni. Angalia tundu la pua: linahitaji miezi kadhaa kupona sawasawa, kwa hiyo lililotobolewa wiki mbili zilizopita halifai kutundikiwa nathi, ile pete kubwa ya pua ambayo mabibi zetu wangeiita hazama. Tumia nathi ya kubana.

Kwenye mkoba weka pini nyeusi za nywele zipatazo arobaini, pini za kufungia nguo za saizi mbili, sindano, uzi wa nailoni mwembamba usioonekana (wa mshipi wa kuvulia unafaa sana), plasta za uwazi za kushikiza nyuma ya ndewe, mikasi ya ncha ndogo na vitambaa viwili vya pamba vilivyokauka.

Siku yenyewe

Mitali kwanza. Akishaingia kwenye lehenga ya kilo kadhaa hatainama tena, na wewe utatambaa sakafuni ukitafuta kifundo cha mguu. Pete za vidoleni miguuni ziache. Katika jamii nyingi huvishwa wakati wa ndoa yenyewe.

Chuda, yaani bangili za nyekundu na nyeupe, huwa zimeshaingia asubuhi. Kwa Wapunjabi anayezileta ni mjomba wa bibi harusi, kaka wa mama. Zamani zilikuwa za pembe za ndovu, na pembe iliyopendwa ni ya Afrika Mashariki iliyopitia Zanzibar kwenda Bombay na Kutch. Siku hizi ni plastiki au lakiri. Kama hazipiti kifundoni, paka mafuta mkono, usipake bangili, na ubane kidole gumba ndani ya kiganja.

Halafu nguo, vipodozi, manukato na dawa ya kupulizia nywele. Hapo simama. Subiri dakika kumi na tano kila kitu kikauke. Lulu na marijani hazifiki hata 5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ambako almasi ni 10, na ngozi yao hulika kwa manukato. Kuanzia hapa hakuna kupuliza kitu tena.

Vidani huanza na kifupi. Aadi, kile kipana cha Kirajput, kikae kwenye shina la shingo na vidole viwili vipite chini yake. Mwambie ainame kama anayemgusa bibi yake miguu: kikimchoma mfupa wa mtulinga, legeza kamba, usikikunje. Kinachofuata kiache upana wa vidole vitatu kati yake na cha juu, la sivyo nyuzi zitasukana. Rani hari, mkufu mrefu unaokaribia kitovu, ndio mzito kuliko yote, na hapa ndipo wapambaji wengi huharibu kwa kuuachia shingo. Kamba ikaze pale tu pambo linapokaa sawa kwa urefu. Kisha tafuta mahali kamba inapovuka mshono wa bega la blauzi, kushoto na kulia. Zungusha uzi wa nailoni kwenye kamba mara tatu na uushone kwenye mshono. Usipitishe sindano kwenye kitanzi cha dhahabu. Ni laini, kitafunguka. Mishono hiyo miwili huhamisha mzigo kutoka nyuma ya shingo kwenda mabegani, na tofauti yake anaihisi hapo hapo. Weka na kitanzi kimoja kifuani, ili akiinama mkufu usiruke mbele na kuingia kwenye sinia la taa.

Masikio. Jumka, hereni zenye umbo la kengele, zikizidi gramu 15 kila moja zinahitaji sahara, mkufu mwembamba unaotoka kwenye hereni kupita juu ya sikio hadi kwenye nywele. Bandika plasta nyuma ya ndewe, toboa kwa mti wa hereni, kaza skrubu mpaka iguse tu. Sasa shika mwisho wa sahara, uvute juu taratibu huku ukitazama tundu la sikio kwa pembeni. Mwanzo utaliona limekuwa mstari mrefu. Endelea kuvuta mpaka lirudi kuwa nukta. Hapo ndipo pa kupachika pini. Ukivuta zaidi jumka itainama mbele na kuonyesha mgongo wake. Sahara fupi mno irefushwe kwa uzi wa nailoni, usiilazimishe.

Kichwa kinahitaji subira. Nywele zisioshwe siku hiyo, zioshwe jana yake. Nywele safi mno huteleza na pini hazishiki. Zipasuliwe katikati. Kutoka ukingo wa nywele rudi nyuma sentimeta nane hadi kumi, chukua kishungi kidogo pande zote mbili za njia na upachike pini mbili zikae kama alama ya kuzidisha. Hiyo ndiyo nanga. Ndoano ya tika (pambo la paji lenye mnyororo), au kamba ya borla, huning'inizwa hapo, na kidude chenyewe kishuke katikati ya paji. Mwambie ainue nyusi: kikipanda nazo, kimeshuka mno. Borla ni ya mviringo na hupenda kubingirika, kwa hiyo kamba zake za pembeni zisiwe legelege. Kama ni matha-pati, ile yenye mistari inayofuata ukingo wa nywele, funga katikati kwanza, kisha juu ya sikio la kushoto, kisha kulia, pini zikiingia kwa mwelekeo unaopingana. Wanaoanza na upande mmoja huishia na tika iliyo juu ya jicho.

Jambo moja ambalo wageni wa kazi hii hulisahau: kwenye ndoa ya Kihindu bwana harusi atapaka sinduri, unga mwekundu, kwenye ile njia ya nywele. Ataiinua tika ili apate nafasi. Ukiwa umeipigilia pini kila sentimeta, itabidi unyanyuke mbele ya watu wote ukazichomoe. Shikiza nanga peke yake. Mnyororo wa mbele uwe huru. Na usibandike tika ya kundani halisi kwa gundi ya kope. Kwa ya kuiga, tone moja si neno.

Kwa bibi harusi anayevaa hijabu, nanga ishonwe kwenye kofia ya ndani kabla hajavishwa, na sahara zishikizwe hapo hapo. Pini inayoshika kitambaa cha juu peke yake itateleza nacho.

Dupata, mtandio mzito wa kichwani, huja baada ya tika na kabla ya nathi. Ukigeuza mpangilio huo, zari itainasa nathi na kuivuta. Nathi huingia mwisho, mara nyingi pua ya kushoto, na mnyororo wake ndio unaobeba uzito kwenda kwenye nywele juu ya sikio. Mpimie urefu akiwa amegeuza uso upande wa pili na kutabasamu. Ukipima akiwa ametulia mbele ya kioo, kila akigeuka pua itavutwa, na kufikia chakula atakuwa anatokwa machozi.

Mikono haina mambo mengi. Bajubandi, pambo la juu ya kiwiko, ifungwe mkono ukiwa umekunjwa, maana msuli huvimba, na mshono mmoja kwenye ukingo wa mkono wa blauzi huizuia isiteleze kwa jasho. Hathifuli, pambo la mgongo wa kiganja lenye minyororo ya kwenda kwenye pete, lipimwe kiganja kikiwa kimekunjwa ngumi. Ukanda wa kiunoni ushonwe kwenye kiuno cha lehenga kwa nyuma.

Wakati wa sherehe

Siku ya kupakwa manjano asivae kito chochote cha kweli. Manjano huingia kwenye lulu na hayatoki. Siku hiyo wengi huvaa mapambo ya maua. Maua yale yale ni hatari siku ya ndoa: mashada wanayovishana hunyunyiziwa maji yasinyauke, na maji hayo hutiririkia moja kwa moja kwenye polki za kifuani. Lichukue shada dakika kumi kabla, ulikung'ute, ulifute kwa kitambaa. Shada likivuliwa, gusa vidani kwa kitambaa kikavu bila kusugua.

Mangalsutra, mkufu wa ndoa, hufungwa na bwana harusi juu ya kamba zote ulizozifunga. Mtu mmoja akae nyuma, tayari kuinua dupata na kuonyesha nafasi. Mikono ya bwana harusi hutetemeka wakati huo, na kamba ya aadi imeshafunguliwa kwa bahati mbaya mara nyingi.

Pwani kuna unyevu ambao Jaipur haina. Chumba chenye kiyoyozi hupoza dhahabu, na akitoka nje kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam umande hushika juu ya mawe. Kiyoyozi kisiwe cha baridi sana wakati wa kumvika, na atoke taratibu kupitia veranda.

Kuvua na kuweka

Nathi kwanza, kisha dupata, kisha kata mishono ya nailoni kwa mikasi midogo, ndipo uvue mkufu mrefu na kurudi juu hadi aadi. Hereni na sahara pamoja. Asinawe uso kabla yote hayajatoka.

Futa kila kipande kwa pamba kavu, upande wa mina pia, maana ndio uliokunywa jasho. Yaache juu ya kitambaa, mbali na feni na jua, kwa saa moja hivi. Kila kipande kifungwe peke yake kwenye pamba laini, maana almasi hukwaruza kila kitu kilicho karibu nayo, kisha kiwekwe kwenye sanduku linalofungika barabara pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Mashine za kusafishia vito kwa mtetemo na zile za mvuke usiziguse: hulegeza mawe, na hutoa mafuta yaliyomo ndani ya zumaridi mpaka nyufa zake zote zionekane.

Dupata isikunjwe bado. Tandika shuka jeupe, uikung'ute juu yake pamoja na blauzi, upitishe vidole kwenye zari ya ukingoni. Polki iliyodondoka mara nyingi hunaswa hapo, na ikienda kwa dobi haitarudi.